Muziki safi kutoka kwenye kompyuta: kabla hujanunua DAC, sogeza kochi kwanza

#1 Pangaboi

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nilitakiwa kuuandika miaka miwili iliyopita, ila wakati ule nilikuwa bado napigwa. Sasa nimeshapigwa vya kutosha, nina cha kusema.

Nina desktop ya mtumba, yale makubwa ya ofisini, iko sebuleni pembeni ya TV na kazi yake ni moja tu: muziki. Nilichukua waya wa jeki moja kwenda RCA mbili, zile pini nyekundu na nyeupe, nikachomeka kwenye kompyuta na kwenye amplifaya, nikaweka rumba, nikakaa kwenye kochi kama bwana harusi. Wimbo ulipoisha, kabla wa pili haujaanza, nikasikia vitu viwili. Cha kwanza mvumo mzito, mmmmm, haukatiki. Cha pili kimlio chembamba kama mbu, na kila nikisogeza mausi mbu anabadilisha sauti.

Fundi akasema spika zimechoka. Nikanunua spika. Mbu yupo. Muuza duka akasema tatizo ni waya, akanipa waya mnene wenye ncha za dhahabu. Mbu yupo, sasa kavaa dhahabu.

Nilikuja kuelewa baadaye sana. Mbu yule ni umeme wa ndani ya kompyuta yenyewe. Kwenye madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, saketi ya sauti imebanwa chumba kimoja na prosesa, kadi ya picha na pawa saplai inayokatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na wote wanatumia njia moja ya kurudishia umeme. Ukigusa mausi, prosesa inaamka, mkondo unabadilika, saketi ya sauti inaudaka. Jeki ya mbele ya kesi ndiyo huwa mbaya zaidi kwa sababu waya wake unakatiza juu ya madabodi nzima. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ya bure: hamia jeki ya nyuma, ile ya kijani. Ikishindikana, ndipo unaitoa kazi ya kugeuza namba kuwa sauti nje ya kesi, yaani unanunua DAC ya USB, kiboksi cha nje kinachofanya kazi hiyo.

Nami nikanunua DAC. Laki tatu na kitu, nikijifariji kwamba nakomesha shida zote kwa mpigo. Mbu akafa. Mvumo ukabaki palepale.

Kumbe mvumo ni ugonjwa mwingine. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ule mvumo ni hizo 50 pamoja na mwenzake wa 100. Kompyuta inashika erthi kwa plagi yake ya pini tatu. Amplifaya imeungwa na king'amuzi, king'amuzi kimeungwa na dishi, na nguzo ya dishi langu imechimbiwa uani. Hapo una erthi mbili za sehemu mbili, na waya wa sauti ndio daraja kati yake. Kamkondo kanapita hapo usiku na mchana. Nilijuaje? Nilichomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Kimya. Nikaurudisha. Mmmmm. Nilikaa chini nikacheka peke yangu, maana jaribio lile halikunigharimu hata mia.

Tiba: vyombo vyote vitumie soketi moja, yaani ekstensheni moja. Isipotosha, king'amuzi kiunge na amplifaya kwa waya wa mwanga kama vyote viwili vina tundu lake, kwa sababu mwanga haupitishi umeme. Ikishindikana, kuna vitransfoma vya kutenganisha laini unavyoweka katikati ya waya wa RCA, lakini vile vya bei ya chai vinakula besi. Wapo watakaokwambia ukate pini ya erthi. Usifanye. Mvumo unaudhi tu, ila kesi ya chuma iliyoshika umeme inaua.

Sehemu iliyonifundisha zaidi ni chumba. Naileta kesho, sasa hivi nina zamu.

#2 Kiboko wa Bei

Naweka kambi hapa. Mkuu hiyo DAC ni modeli gani na Kariakoo wanauza shingapi? Nataka kesho nikachukue.

#3 dada_wa_Ubungo

Asante kwa uzi kaka. Mimi natumia laptop na sabufa ya bluetooth. Nina maswali mawili. Nikichomeka chaja sabufa inanguruma hata nikitumia waya, nikichomoa inatulia. La pili, nina hedifoni za bluetooth, muziki unakuwa mzuri, ila nikiingia kikao cha mtandaoni sauti inageuka kama redio ya polisi. Ni mbovu?

#4 Pangaboi

@dada_wa_Ubungo hedifoni ni nzima. Bluetooth ya kawaida haina nafasi ya kubeba muziki wa steryo na maikrofoni kwa wakati mmoja. Programu ikiwasha tu maiki ya hedifoni, laptop inahamia mtindo wa simu: sauti ya mono, masikio yote mawili yanapata kitu kilekile, nyembamba. Kwenye mipangilio ya kikao chagua maiki ya laptop yenyewe, hedifoni ziachie kazi ya kusikiliza. Muziki utarudi.

Kuhusu chaja ni ndugu yake yule mbu. Kelele za chaja zinapita kwenye waya hadi kwenye sabufa. Kama unataka kusikiliza kwa umakini, chomoa chaja kwa saa hiyo moja. Ukitaka suluhisho la kudumu, hapo ndipo kitransfoma kinaposaidia. Kwa bluetooth mngurumo hutausikia, kwa sababu hakuna waya.

@Kiboko subiri kwanza mkuu. Usinunue kitu.

#5 Fundi Chumvi

Mleta uzi umeeleza vizuri, ila umeiruka Windows.

Windows inachanganya sauti zote kwenye sufuria moja, wimbo wako, kengele ya barua pepe, tangazo la kwenye kivinjari, kisha inazitoa kwa kipimo kimoja ulichochagua kwenye mipangilio. Wimbo wa CD ni sampuli 44,100 kwa sekunde. Kompyuta nyingi zimewekwa 48,000. Maana yake kila wimbo unakokotolewa upya kabla haujatoka. Tumia foobar2000, programu ya kupigia muziki, chagua WASAPI ya kipekee, yaani njia ya Windows inayoiacha programu ishike DAC peke yake bila mchanganyiko. Hapo unapata biti kwa biti kama ilivyo kwenye faili.

Na zima mapambo yote ya sauti, yale ya kuongeza besi na ya kuigiza ukumbi wa sinema. Kompyuta nyingi zinakuja yamewashwa.

#6 Pangaboi

Fundi, la mapambo nakuunga mkono mia kwa mia. Hayo yanaharibu kuliko kitu kingine chochote ndani ya Windows, na mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kujua.

La WASAPI nilikuwa muumini, nikatoka. Nilimwomba mdogo wangu abadilishe mara kumi bila kuniambia, nikawa nakisia. Nilipata tano. Sasa hivi naweka Windows kwenye 44,100 kwa sababu nyimbo zangu nyingi ni za CD, basi. Na kuna sababu nyingine: Equalizer APO, ile programu ya bure ya kurekebisha sauti, haifanyi kazi ukitumia njia ya kipekee. Kati ya biti kwa biti na ekwalaiza, chumba changu kinaihitaji ekwalaiza. Nitaeleza.

#7 Mvita_Kwetu

Nawasoma kutoka Mombasa. Mimi nina mkusanyiko wa nyimbo elfu tatu, zote MP3 za 320 (kilobiti kwa sekunde), nimezishusha YouTube kwa ile mitandao ya kugeuza. Sauti haijai, na nilidhani ni spika. Nihamie FLAC, yale mafaili yasiyopunguza sauti?

#8 Fundi Chumvi

Ndugu yangu wa Mvita, hizo si 320. YouTube wenyewe wanatoa sauti iliyobanwa kwa mtindo wa AAC ya 128 au Opus isiyofika mbali na 160. Ukiigeuza kuwa 320 umemimina kikombe cha chai kwenye ndoo. Ndoo ni kubwa, chai ni ileile, tena safari hii imechujwa mara mbili.

Shusha programu inaitwa Spek, ni ya bure. Burutia wimbo ndani yake. Itakuchorea picha ya masafa. Wimbo wa kweli wa CD rangi inapanda hadi karibu kilohezi 22. MP3 ya 128 kwa kawaida inakatwa kama kwa panga karibu na 16. Ukiona panga kwenye faili inayojiita 320, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

#9 Pangaboi

Nilipozipitisha zangu kwenye Spek, theluthi mbili zilikuwa na panga. Laki tatu za DAC, halafu nailisha makombo.

Ila @Mvita_Kwetu usizigeuze hizo MP3 kuwa FLAC, maana kilichokatwa hakirudi. FLAC ina maana tu ikitengenezwa kutoka kwenye CD au ukiinunua ikiwa hivyo. CD zako za zamani zitoe kwa Exact Audio Copy, inasoma na kurudia pale penye mkwaruzo. Wasanii wengine wanauza FLAC moja kwa moja Bandcamp, na Apple Music wana sauti isiyopunguzwa tangu 2021 bila nyongeza ya bei. Wimbo wa dakika nne unakula kama MB 25, kwa hiyo diski ya GB 500 inabeba kama nyimbo elfu ishirini.

Na MP3 ya 320 ya kweli, iliyotoka kwenye CD, haina ubaya. Mimi nikijaribiwa sitofautishi, na sidhani kama wengi humu mnatofautisha, hata mkikasirika.

#10 Hezi192

Hapo umepotoka mkuu. Kuna biti 24 na kilohezi 192, hizo ndizo sauti zenyewe. CD ni teknolojia ya 1982.

#11 Fundi Chumvi

Ni ya 1982, na masikio ni ya zamani kuliko hapo. Sampuli 44,100 zinabeba masafa hadi hezi 22,050. Kijana mwenye masikio mazima anafika elfu ishirini, mimi wa miaka hamsini sizioni. Biti 16 zinakupa nafasi ya desibeli 96 kati ya kimya na kelele. Sebule iliyotulia usiku ina kelele ya desibeli 30 hivi, ukiwasha pangaboi ndiyo basi tena. Hizo 24 zina kazi studio, wakati wa kurekodi, ili fundi mitambo asiogope kukosea kiwango. Ukikuta toleo la 192 linasikika vizuri kuliko CD, mara nyingi ni kwa sababu limechanganywa upya na mtu makini.

#12 MzeeKaseti

Wanangu, nimewasoma. Nina kaseti zaidi ya mia, dansi na taarabu nilizorekodi redioni enzi zetu. Nataka kuziingiza kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Hiyo DAC inafaa?

#13 Fundi Chumvi

Shikamoo mzee. DAC inatoa tu, haiingizi. Unahitaji kadi ya sauti ya nje yenye tundu la kuingizia laini. Usitumie tundu la maikrofoni, litaipasua sauti.

Kabla ya hapo safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Kisha kuna kiskrubu kidogo pembeni ya kichwa kinachokiinamisha. Kila kaseti ilirekodiwa kwenye deki yenye mwinamo wake, kwa hiyo zungusha kidogokidogo huku unasikiliza hadi matoazi yang'ae. Hiyo robo mzunguko inaleta tofauti kuliko kadi ya milioni. Rekodi kwa programu ya Audacity, biti 24, kilele kisipite desibeli sita chini ya sifuri, hifadhi FLAC. Na usikimbilie kufuta mchacho wote wa kaseti, ukiufuta sana na sauti ya mwimbaji inakuwa kama anaimbia ndani ya mtungi.

#14 MzeeKaseti

Marahaba mwanangu. Kiskrubu nimekiona. Miaka yote nilidhani ni cha kufungulia.

#15 Pangaboi

Nimerudi. Sasa chumba.

Sebule yangu ni mita 4.2 kwa 3.4. Ukuta wa tofali na plasta, chini taili, juu jipsamu, dirisha kubwa la aluminiamu. Nadhani nimewaeleza sebule zenu pia. Spika nilizipanga ndani ya shokesi, moja kila upande wa TV, zimebanwa na ukuta wa nyuma. Kochi limeegemea ukuta wa pili. Simba wa mbao juu ya spika ya kushoto.

Piga makofi katikati ya chumba kama hicho, utasikia makofi yanakurudia kwa mlio wa chuma. Huo mlio unakaa juu ya kila sauti ya mwimbaji unayemsikiliza. Hakuna DAC inayouondoa.

Besi ndiyo balaa zaidi. Kwa joto la Dar sauti inatembea kama mita 349 kwa sekunde. Gawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba: 349 kwa 8.4, unapata hezi 41.5. Hilo wimbi linatoshea chumbani kwangu kama mguu kwenye kiatu, linagonga ukuta na kurudi, linajijaza. Sasa uzi mnene kabisa wa gitaa la besi ukiachwa wazi ni hezi 41.2! Kila mpiga besi akigusa uzi ule, kabati la vyombo linaitikia jikoni. Noti zinazofuata zinapotea. Nilikuwa nawalaumu wapiga besi wa watu.

Jumamosi moja nikaamua. Spika nikazitoa kwenye shokesi, nikazipandisha kwenye stuli mbili mpaka twita, vile vispika vidogo vya sauti za juu, zikawa usawa wa masikio yangu nikiwa nimekaa. Zikatoka ukutani sentimita 50. Umbali kati yake mita 1.8, na kutoka kila moja hadi kichwani kwangu mita 1.8, pembetatu. Nikazigeuza kidogo zinitazame. Kochi nikalivuta nusu mita kutoka ukutani, kwa sababu kwenye ukuta ndipo besi inapojaa. Zulia chini, pazia zito dirishani, rafu ya vitabu nyuma ya kochi.

Wakuu, mwimbaji alisimama katikati ya sebule. Si kushoto, si kulia, katikati hewani, mahali ambapo hakuna spika. Nilinyanyuka kwenda kuangalia kama kuna kitu kinaimba pale. Na magitaa mawili ya rumba ambayo miaka yote niliyasikia kama moja, moja likaenda kushoto, jingine kulia, wakawa wanajibizana.

Kilichobaki ni ile 41. Zulia na pazia vinameza sauti za juu tu, besi inavipita kama havipo. Hapo ndipo Equalizer APO ilipoingia. Nilikopa maikrofoni ya kupimia, nikatumia programu ya bure ya kupimia sauti ya chumba, REW, nikaona mlima pale 41, nikaushusha desibeli 8. Mlima unaweza kuushusha. Shimo usijaribu kulijaza, utaunguza wufa, spika ya besi, bure, maana pale mawimbi yanauana yenyewe.

Hayo yote ukitoa zulia sikununua kitu.

#16 Kiboko wa Bei

Sawa, ila spika zangu ni za wati 12,000 kwa mujibu wa boksi. Zinahitaji stuli kweli?

#17 Fundi Chumvi

Geuza sabufa yako, nyuma kuna kibandiko cha umeme inaokula. Ukikuta imeandikwa wati 60, basi haiwezi kutoa zaidi ya 60, hata boksi likiapa. Zile elfu kumi na mbili ni PMPO, namba ya kuuzia. Uliza RMS, wati inazotoa kweli mfululizo. Na kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, masikio yanaona tofauti ndogo. Kwa sebule, spika za studio za inchi tano zenye amplifaya ndani, kama Yamaha HS5 au JBL 305P, zinatosha na kubaki.

Wanaonunua mtumba nao nina maneno mawili. Bonyeza taratibu sponji ya ukingo wa wufa kwa kidole, ikimeguka inabidi ibadilishwe, si gharama kubwa. Amplifaya kutoka Japani soma nyuma kabla hujachomeka. Kwao umeme ni volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 yetu bila transfoma ya kushusha, utasikia sauti safi mara moja tu.

#18 Jua la Songea

Mimi natumia sola. Amplifaya inanguruma yenyewe hata bila kuunga kompyuta.

#19 Fundi Chumvi

Huenda inveta yako ni ya mawimbi ya ngazi, umeme wake unapanda na kushuka kwa hatua badala ya kupinda taratibu. Transfoma ya amplifaya haiyapendi. Tafuta inveta ya wimbi laini, au amplifaya ndogo ya volti 12 uiunge moja kwa moja na betri kupitia fyuzi.

#20 dada_wa_Ubungo

Mrejesho: nimetoa sabufa kwenye kona. Nimeihamisha kidogokidogo huku wimbo unapiga hadi ngurumo ikaisha. Spika ndogo nimezipandisha juu ya ndoo mbili za rangi. Mama kaja kutoka sokoni, kauliza nimenunua redio mpya lini. Sijamjibu bado, nasikilizia kama atanirudishia hela.

#21 Hezi192

Nimefanya lile jaribio la kubadilishiwa bila kujua. Sitaki kuzungumzia matokeo.

#22 Kiboko wa Bei

Nimesoma uzi wote. Sasa mkuu Pangaboi, DAC ninunue au nisinunue? Nipo Kariakoo muda huu.

#23 Pangaboi

Kompyuta yako ina yule mbu?

#24 Kiboko wa Bei

Hapana.

#25 Pangaboi

Kochi umelisogeza?

#26 Kiboko wa Bei

Bado mkuu. Shemeji yako amelala hapo.